Redio ya Matairi

Mzee Aminieli tulimzika Jumamosi iliyopita, Marangu, kwenye kihamba chake, kati ya migomba na ile mibuni michache ambayo hakuing'oa hata pale mlima mzima ulipong'oa. Nilikwenda na kanga mpya, kilo tano za sukari na magoti yaliyolia njia nzima kama bawaba za geti, maana mwili wangu sasa ni wa kupandishwa vilima kwa machela na wabebaji wote wamekwenda kubeba mizigo ya Wazungu. Watu walifurahi kuniona. Mimi ni mtu anayetakiwa misibani; nikifika, wanawake wanasogea kwenye benchi ili wanisikie, na wapo wanaoapa kuwa niliwahi kumchekesha mchimba kaburi hadi akaangusha sururu. Wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani. Jina hilo alinipa marehemu, mwaka mmoja tuliokaa kwenye kiti kimoja cha pikapu, na mwaka huo ndio ninaotaka kuuandika. Wazazi wangu, kuzaliwa kwangu na habari za ukoo nawaacha nje ya mlango. Hawakuwamo ndani ya ile pikapu.

Ulikuwa mwaka ambao minara ya simu iliota mlimani kwa wingi kuliko migomba, na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hadi watu wakaona aibu kuitaja mbele ya watoto. Kituo cha maziwa cha ushirika kilikuwa kimekufa, kimebaki mlango na kufuli. Ndipo Bwana Elirehema, mtu wa huko huko kwetu, mwenye miaka kama arobaini na tumbo la miaka sitini, akaanza kununua maziwa ya wafugaji kwa jina lake mwenyewe. Alileta pikapu kutoka Dubai na tela la magurudumu manne la kufungwa nyuma, na juu ya tela akapanga madumu ya bati yaliyong'aa kiasi kwamba asubuhi ya jua ungeweza kupofuka ukiyatazama. Mzee Aminieli alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mpimaji. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, chumba kimoja cha kupanga Shirimatunda, jiko la mchina, na daftari sita za shule ya jioni niliyokuwa nasoma karibu na hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi, kidato cha nne, nikiwa bibi wa darasa lile.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kila kituo tulichosimama, wafugaji walikuwa wamesimama na vidumu vyao kwenye umande, wamejitanda, pua zinachuruzika kwa baridi. Nilichukua maziwa kidogo, nikamimina kwenye silinda, nikatumbukiza laktomita, ule mrija wa kioo unaoelea, nikasoma. Ukielea juu, maziwa ni maziwa. Ukizama, umeuziwa mto. Nilimkatalia mke wa mwinjilisti. Nilimkatalia mama yangu mdogo mbele ya watu, naye akaniambia maji hayo yameingia kwa mvua, katika mwezi ambao hata vyura walikuwa wanatembea na vibuyu. Nilizoea kusema, kipimo hakina shangazi. Nilipenda sana sentensi hiyo. Ilinifanya nijisikie mrefu. Sasa nikiikumbuka, nasikia sauti ya msichana anayeamini kwamba kila kitu chenye namba kinasema kweli, na kila kisicho na namba kinaomba upendeleo.

Mzee Aminieli alikuwa na vipimo vyake. Alfajiri, kabla injini haijawashwa, alizunguka tela na mpini wa nyundo akagonga kila tairi, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani. Lililolia vizuri aliliacha. Lililoitikia kwa sauti nzito alilichomeka geji yake kuukuu, akaliongeza upepo kwa pampu ya mguu. Baada ya hapo, siku nzima, hakugusa upepo tena. Tukisimama njiani alipita akiweka mgongo wa mkono kwenye kila tairi, kama unavyompima mtoto homa. Nilimuuliza anatafuta nini, akaniambia anatafuta linalojitenga. Yote yakiwa na moto sawa, huo ni moto wa kazi. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, hilo linaumwa. Miaka thelathini barabarani hakuwahi kupindua hata toroli, na watu walikuwa wanasema mtoto akilala kwenye gari la Aminieli haamki mpaka alipiwe nauli. Bwana Elirehema mwenyewe, kila asubuhi kwenye uwanja wa ofisi yake, alimpa shikamoo, kwa sababu mzee alikuwa rika la baba yake.

Siku nyingi tulikula kwake. Jiko lilikuwa nje, la mbao nyeusi kwa moshi, na mkewe, Mama Kisali, alitugawia mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye mabakuli ya bati na kuniambia nile, msomi hasomi kwa mifupa. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Mzee alikuwa ananiuliza nimesoma nini jana, kwa dhati kabisa, nami nikawa namrudishia somo huku nimeshika kijiko: mito ya Kongo, vita vya Majimaji, namna chura anavyopumua. Alisikiliza yote. Ndipo akaanza kuniita Mwalimu, na siku ya kwanza nilidhani ananitania, kumbe alikuwa ananiheshimu. Alikuwa ameishia darasa la nne. Alimwambia mkewe mbele yangu kwamba huyu binti atafika mbali, naomba tu asituache kwenye vumbi. Tulicheka wote. Nilicheka kuliko wote.

Redio ililetwa mwezi wa Agosti. Mpwa wa Bwana Elirehema alikuwa ameituma kutoka Dubai kwenye boksi lenye picha ya gari jeupe na mtu mweupe zaidi. Vilikuwa vifuniko vinne vidogo vya kufungwa kwenye vali za matairi ya tela, na kisanduku cha kuwekwa mbele ya dereva, chenye kioo kinachowaka. Vifuniko vinanusa upepo ndani ya tairi, vinatuma habari, kisanduku kinaandika namba. Upepo ukipanda kupita kiasi, kinalia. Ukishuka mno, kinalia. Mpwa alikuja likizo, akapanga viwango vyake mwenyewe kwa dakika tano huku anaongea na simu, tela likiwa tupu na baridi ya mlimani ikiwa imekaa kila mahali, akarudi zake. Watu wa kituoni waliita kitu kile redio ya matairi na walikuja kukitazama kama harusi. Kwa kuwa maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, Bwana Elirehema alitangaza mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo matairi ni ya Mwalimu. Mzee Aminieli aliitikia, akarudisha mpini wa nyundo chini ya kiti.

Haikupita wiki redio ikaanza kulia. Asubuhi kule juu ilikuwa kimya. Tukishuka na mzigo, tukipita Himo, jua likiwa limeshapanda na lami inatoa mvuke, ilipiga kelele kama mbuzi aliyefungwa kwenye buti. Upepo umepanda, ilisema, tairi zote nne. Nilimwambia mzee asimame. Nilishuka na kalamu yangu, nikabonyeza kila vali, upepo ukatoka ssss, mpaka kisanduku kikanyamaza. Nilirudi ndani nimetulia kama daktari. Yeye alikuwa amekaa mikono kwenye usukani, hajanitazama.

"Tairi la moto halitolewi upepo, mwanangu," alisema. "Moto ndio umeuvimbisha. Likipoa utaona ulichochukua."

Nilimjibu kuwa mashine haiwezi kulia bure. Akasema hakusema inalia bure. Anasema inalia kama mgeni, haijui nyumba hii asubuhi kunakuwaje na mchana kunakuwaje. Nikacheka, nikamwambia kipimo hakina shangazi. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akawasha gari.

Ndivyo tulivyoishi majuma kadhaa. Alfajiri aligonga, akasikia matairi yamelegea, akayajaza. Saa nne, kwenye joto la tambarare, redio ililia, nikayapunguza. Yeye anajaza, mimi natoa, kama wake wawili kwenye sufuria moja. Redio yenyewe asubuhi haikulalamika hata siku moja, maana yule mpwa alikuwa ameweka kiwango cha chini kinachofaa kwa tela lisilo na kitu, nami sikujua hilo wala sikuuliza. Kimya hicho nilikiona ni ushahidi kwamba upepo unatosha. Nikamwambia Bwana Elirehema kwamba mzee anaharibu vipimo. Nilisema kwa kuchekesha, niliiga hata anavyoinamisha kichwa kusikiliza, na watu waliokuwa ofisini wakajishika mbavu. Kesho yake Bwana Elirehema alimwita, akamwambia mambo ya kugonga matairi ni ya enzi za ushirika, aache, naye akaacha. Hakumpa shikamoo siku hiyo. Nilidhani amesahau. Hakumpa tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, mwanzoni mwa Oktoba. Kiwanda cha Moshi kilikuwa kimejaa, wakatukatalia maziwa getini, na Bwana Elirehema akapiga simu akasema tuyapeleke Arusha kabla hayajaganda. Redio ilikuwa imelia Himo, nikapunguza upepo, ikaanza tena. Pale pale getini nikashuka, nikatoa upepo kwa mara ya pili siku hiyo, na kwa kuwa safari ni ndefu nikatoa na wa ziada, ili isitusumbue njiani. Tukaondoka. Kweli, haikutusumbua. Tulipita Weruweru, tukapita Kwa Sadala, namba nne zimetulia kwenye kioo kama watoto wa Jumapili. Nilikuwa nasoma daftari. Tulipovuka Boma Ng'ombe mzee alivuta pumzi puani, mara mbili.

"Kuna mpira unaungua," alisema. "Nisimame niyaguse."

Nilitazama kisanduku. Hakikulia. Nilimwambia kila kitu ni sawa, aone mwenyewe, na maziwa yanasubiri. Nilikuwa na darasa jioni, siwezi kukana, nilitaka kurudi mapema. Alipunguza mwendo. Alinitazama, na mpaka leo najua mtazamo ule ulikuwa unaomba ruhusa. Mtu wa miaka hamsini na nane, aliyeendesha gari kabla sijaota meno, alikuwa anamwomba ruhusa binti mwenye kalamu.

"Mzee, tairi si zangu?" nilisema.

"Ni zako, Mwalimu," alisema, akaongeza mwendo.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka kilomita chache mbele. Sauti yake, nikisimulia vijiweni, husema ilisikika Mombasa. Tela lilikwenda kushoto, likarudi kulia, likalala, likaikamata pikapu mgongoni na kuizungusha, na mzee akapigana na usukani ili tusiende kwenye basi lililokuwa linakuja. Hatukwenda kwenye basi. Tulikwenda mtaroni, upande wake. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye nyonga ilivunjika. Madumu yalifunguka yote, maziwa yakaenda kwenye lami mpaka barabara ikawa nyeupe, na sitii chumvi hapa, ilikuwa nyeupe kabisa, yakaingia kwenye vumbi yakawa tope la rangi ya chai, na wanawake wa mahali pale walikuja na mabeseni wakachota yaliyobaki kwenye madimbwi, kwa haraka na kwa aibu, wakinipa pole huku wanachota. Kisanduku kilikuwa kimeng'oka, kinaning'inia kwa waya. Namba tatu zilikuwa bado zinawaka vizuri. Redio inajua upepo. Haijui joto, na tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo linajipika lenyewe kwa kukunjamana. Hilo nilikuja kulijua baadaye, kwa Kiingereza.

Bwana Elirehema aliniita ofisini siku ya tatu. Mzee alikuwa wodini. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye kalenda ya benki, harufu ya maziwa yaliyochacha na feni iliyokuwa inazungusha joto lile lile. Mezani aliweka kile kisanduku. Akauliza kililia? Nikasema hakikulia. Akasema basi chombo hakina kosa. Akauliza matairi yalikaguliwa na nani asubuhi ile. Nilikuwa nimebakiza wiki tano kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nikifukuzwa, chumba cha Shirimatunda kinakwenda, shule inakwenda, narudi kijijini kuchuma majani ya ng'ombe wa watu. Nilifikiri hayo yote kwa muda wa feni kuzunguka mara moja.

"Dereva ndiye mwenye gari," nilisema.

Hakuna mahakama ingenifunga kwa sentensi hiyo. Kila neno ni la kweli. Bwana Elirehema aliandika kwenye karatasi kwamba dereva hakukagua matairi, akanipa nisaini kama shahidi, nami nikasaini kwa mwandiko mzuri.

Mzee alirudi Novemba, kwa magongo mawili, amesindikizwa na kaka yake. Nilikuwa kwenye chumba cha kupokelea maziwa, silinda mkononi, mlango wazi, niliona yote. Alikuwa amebeba isale, jani lile refu tunalopanda kwenye mipaka na makaburi, amelifunga fundo. Kwetu, aliyekosa akikuletea isale lililofungwa fundo, hukatai. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Mwenye kuletewa akilipokea, jambo limekwisha, na kila mtu anarudi mahali pake. Mzee, ambaye hakuwa na kosa hata la ukubwa wa punje ya ulezi, alimnyooshea isale kijana wa rika la mwanawe, akasema ameharibu gari lake na maziwa ya watu, anaomba yaishe. Bwana Elirehema alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akasema amesamehe kwa moyo wote. Kaka mtu akashusha pumzi.

"Lakini usukani, hapana," Bwana Elirehema aliendelea. "Msamaha ni mambo ya nyumbani. Hii ni biashara."

Kaka mtu akalitazama tena lile jani. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupokea nusu ya isale. Mzee aliaga. Ili kutoka alilazimika kupita mlangoni kwangu, na hapo akasimama kuweka gongo vizuri. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba.

"Mtihani lini, Mwalimu?" aliniuliza.

Nikasema Jumatatu. Akasema Mungu anitangulie, akashuka ngazi moja moja, ngazi tatu zile, ambazo zilimchukua muda mrefu kuliko safari ya Arusha.

Kwenye karatasi ya fizikia kulikuwa na swali moja ambalo nalikumbuka kuliko jina langu la ubatizo. Waliuliza kwa nini upepo wa tairi la gari huongezeka baada ya mwendo mrefu, na kwa nini haishauriwi kuupunguza wakati huo. Wenzangu walilia nje kuhusu swali hilo. Mimi nilijaza ukurasa. Niliandika kwa Kiingereza maneno aliyoniambia mzee pale Himo, moto ndio umeuvimbisha, likipoa utaona ulichochukua, nikaongeza jina la kanuni ambalo mwalimu wetu alitukaririsha. Fizikia ndiyo somo nililofaulu vizuri kuliko yote. Cheti ninacho hadi leo, kimepigwa lamineti, kilinipa kazi ya ofisi, na pensheni inanisubiri. Mzee Aminieli hakuendesha gari tena. Alilima kwa kukaa kwenye kigoda, akisogea nacho mstari kwa mstari. Nilibaki mjini, nikawa napita Marangu kila Krismasi, harusi hii, ubatizo ule, na kila nilipopita penye njia ya kwake nilikuwa na haraka, sikuingia.

Jumamosi pale, Kisali, mwanawe anayefanya kazi Dar, aliniletea karatasi iliyochapwa akaniomba nisome wasifu wa marehemu, kwa kuwa nina sauti na hadithi haziniishi. Nikasimama mbele ya jeneza nikasoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto sita. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alipata ajali kwa kutokukagua matairi ya gari, akaacha udereva na kujishughulisha na kilimo. Familia yenyewe ndiyo iliyoandika. Walikuwa wameamini, na baada ya miaka yote hiyo ilikuwa imekuwa habari tu, kama ile ya ubatizo. Nikashusha karatasi. Mchungaji akanitazama, akatazama saa.

Nikasema sentensi hii si ya kweli. Nikasema tairi lile lilitolewa upepo na mimi, kwa kalamu yangu, mara mbili siku ile, na yeye alinikataza. Nikasema alitaka kusimama nikamzuia. Nyuma kule mtu akacheka, kicheko laini cha mtu aliyekuwa anakisubiri, na kikapokewa benchi kwa benchi. Mama mmoja akamwambia mwenzake, msikie, Mwalimu na maneno yake, eti kwa kalamu. Nikarudia. Wakacheka zaidi, huku wengine wanafuta machozi, na mchungaji akatabasamu akaniashiria niendelee. Nilikuwa nimewadanganya vizuri kwa miaka ishirini, kwa furaha, kwenye kila msiba na kila harusi, na sasa sikuwa na sauti nyingine ya kuwaambia jambo hili. Nikasoma sentensi iliyofuata.

Baada ya maziko Kisali alinikumbatia. "Asante, mama," alisema. "Umemtetea mzee wetu. Angecheka sana." Akachukua karatasi yake, akaikunja, akaiweka mfukoni kwa ajili ya faili la usharika.

Mama Kisali hakuwa amecheka. Nilimwona wakati ule nasoma, amekaa karibu na jeneza, anatazama mikono yangu. Wakati wa kula alikuja mwenyewe pale nilipokaa na sahani ya machalari ya ndizi na nyama, akasimama mbele yangu na kanga yake nyeusi, na nikajua kwamba katika watu wote wale nimeaminiwa na mmoja.

"Barabara ya huku ulikuwa unaijua miaka yote hii," alisema.

Nikasema naijua, mama. Alitikisa kichwa polepole, kama anayehakikisha hesabu ndogo. Kisha akainama akachukua sahani yangu, nilikuwa sijafika nusu, akaenda nayo jikoni akaiosha.